Ukuta wa Nyuma wa Darasa la Nne

Baada ya uji wa saa nne, watoto wa Darasa la Nne A walirudi darasani na midomo yao ina rangi ya ulezi. Wakakaa wanne wanne kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya wawili, na waliokosa dawati wakakaa chini karibu na ubao, miguu wameikunja. Felix, aliyekuwa na zamu ya usafi, alikuwa amemwagia sakafu maji ili vumbi lisitimke wakati wa kufagia, kwa hiyo waliokaa chini walilowa kidogo. Hakuna aliyelalamika. Shule yenyewe iko upande wa Nangara, mjini Babati, na jina lake tutaliacha, kwa sababu haikumkosea mtu.

Mwalimu Antonia aliingia na chaki mbili na kitambaa cha kufutia ubao. Watoto wakasimama, wakamwamkia kwa sauti moja, akaitikia, wakakaa. Alikuwa mwanamke wa Dareda, binti wa wakulima wa mahindi na maharage, sasa akiishi Bonga katika nyumba ya vyumba viwili yenye shamba dogo nyuma. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kukasirika. Katika darasa la watoto karibu tisini, tabia hiyo inasaidia kuliko chaki.

Wiki chache kabla, Antonia alikuwa amepelekwa kwenye semina katika ukumbi wa hoteli moja mjini. Semina ilihusu kuwafundisha watoto falsafa. Mwezeshaji, kijana mpole aliyetoka mbali, alieleza kwamba mtoto akiachwa aulize anachokitaka kweli kukijua, akili yake hufunguka, na haijifungi tena kirahisi. Kitabu cha mwongozo kilielekeza kwamba watoto wachache wakae duara juu ya zulia, wasomewe kisa cha mtu wa theluji anayeyeyuka, kisha wajadili kama baada ya kuyeyuka bado ni yeye. Walimu waliandika yote hayo. Hakuna aliyeuliza zulia litatoka wapi, maana chai ilikuwa nzuri na mwezeshaji alikuwa amesafiri safari ndefu.

Wengi waliiacha semina pale pale ukumbini. Antonia aliondoka nayo. Aliipenda kwa moyo wote na hakuona haya kusema hivyo, na alipokuwa akishuka ngazi za hoteli alijiwekea ahadi moja: kabla ya mtihani wa upimaji wa Darasa la Nne, kila mtoto wake awe ameuliza swali moja lililo lake mwenyewe. Mwalimu mkuu, Mwalimu Theodory, alimpa kipindi kimoja kila Ijumaa, mpaka Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani.

"Baada ya hapo, mwalimu," alimwambia, "tunarudi kwenye maswali yenye majibu."

Ijumaa ya kwanza, Antonia alieleza, kisha akauliza nani ana swali. Darasa lilinyamaza. Pale shuleni swali lilikuwa mali ya mwalimu, na mtoto kulishika lilikuwa jambo la kushangaza, kama kushika mkoba wake. Akauliza kama wameelewa. Wakajibu wote, "Ndiyo mwalimuuu." Akawaambia waende nyumbani, wafikiri, kila mmoja aje na swali lake.

Walifikiri sana, na walikuja na maswali yao. Twalha, mtoto wa mwenye duka karibu na stendi, alisimama wa kwanza.

"Mnyama yupi kati ya hawa anakula majani? A, simba. B, fisi. C, mbuzi. D, hakuna jibu sahihi."

"C!" wakajibu wenzake, na wakampigia makofi. Kipindi chote kilienda hivyo. Kila mtoto alileta swali lake na herufi zake nne, darasa likafaulu yote, na Antonia akarudi Bonga na kichwa kinamgonga.

Ijumaa tunayoisimulia ilifuata baada ya hiyo. Felix alinyoosha mkono bila kupiga vidole na bila kusema mimi, mimi. Nguo zake zilikuwa bado na matone ya maji ya kufagilia.

"Mwalimu," alisema, "ng'ombe akipelekwa mnadani, anajua kama anauzwa?"

"Wewe unaonaje?"

"Sijui. Wetu alilia njia nzima. Lakini na siku ya chanjo alilia."

Ukuta wa nyuma ukarudi nyuma. Ulirudi taratibu, nafasi ya kupita mtu mwenye ndoo, na dirisha lake likaenda nao. Watoto waliokuwa wamebanwa nyuma wakanyoosha miguu. Kiranja aliomba ruhusa wasogeze madawati, Antonia akaruhusu, madawati yakasogezwa, na mjadala wa ng'ombe ukaendelea mpaka kengele.

Nje hakukubadilika kitu. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo, jiko lake ameliegemeza kwenye ukuta huo huo, hakusogea wala hakuambiwa asogee. Alipofuatwa na kuulizwa alisema aliona mafuta yamechemka vizuri siku hiyo, basi.

Mwalimu Theodory alikuwa mtu wa utaratibu. Jumatatu alimwita fundi, Herieli, apande juu akague paa kwa ndani. Herieli alikaa huko muda wa kutosha, akashuka akijipangusa buibui.

"Bati zimeongezeka kwa ndani," alisema. "Na hizi mpya ni nene kuliko zile zenu."

"Zitavuja?"

"Hizo? Hazivuji. Zile zenu ndizo zitakazovuja."

Mwalimu Theodory akaridhika. Hofu yake ilikuwa moja tu, kuulizwa nani aliidhinisha ujenzi. Kwa kuwa hakuna aliyejenga, aliona hana la kujibu, akarudi ofisini kwake kunywa chai.

Ijumaa zilizofuata ukuta uliendelea kurudi. Twalha aliuliza, baba yake akimwambia mteja hii ndiyo bei ya mwisho, halafu akapunguza, amesema uongo au hajasema. Msichana mmoja, Rose, ambaye shamba la kwao liko karibu na ziwa, aliuliza kama kiboko akitoka majini akala mahindi yao ameiba, na kama hajaiba kwa nini anafukuzwa kama mwizi. Hilo la kiboko lilifungua nafasi ya madawati mengi kwa mara moja. Mwingine alitaka kujua ndoto aliyoisahau imekwenda wapi. Mwingine, mtulivu sana, aliuliza nani wa kwanza aliyeamua kwamba leo ni Jumatatu, na wenzake walimkubalije.

Chumba hakikudanganyika. Siku moja Antonia alijaribu mwenyewe, akaandika ubaoni swali zuri kutoka kwenye mwongozo, Haki ni nini. Wote wakautazama ukuta. Haukutikisika hata kidogo. Siku nyingine mtoto mmoja mwerevu aliuliza, "Mwalimu, kwa nini wewe ni mwalimu mzuri kuliko wote?" na ukuta ukarudi mbele kidogo, ukawagonga visogo waliokuwa wameuegemea. Hawakurudia tena.

Kisa cha mtu wa theluji nacho alikijaribu. Watoto walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha wakauliza theluji inaliwa na nini. Antonia akafunga mwongozo. Akawapa bajaji ya Msafiri.

Msafiri ndiye aliyemleta Antonia kila asubuhi kutoka Bonga. Bajaji yake ilikuwa imekwisha badilishwa matairi, kisha injini, kisha viti, kisha bodi, kisha kioo cha mbele chenye maandishi. Vile vipande vya zamani alivinunua kijana aitwaye Mudy, akaviunganisha kimoja kimoja mpaka akapata bajaji nzima, na sasa bajaji zote mbili ziliegeshwa stendi, hatua chache kutoka moja hadi nyingine. Antonia aliwauliza watoto: ipi ni bajaji ya Msafiri?

Walibishana Ijumaa tatu. Wapo waliosema ni ile anayoiendesha, kwa sababu abiria wanamjua kwayo. Wapo waliosema ni ile ya Mudy, kwa sababu ndiyo iliyozaliwa kwanza, na kuzeeka si kosa. Felix alisema ni lazima waulizwe matrafiki, akazomewa. Nyumbani nako watoto waliwauliza wazazi, wazazi wakaulizana sokoni, na wiki ile watu wawili wazima walinuniana kwa ajili ya bajaji ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuipanda.

Chumba kilikuwa kimepanuka kiasi kwamba sasa waliweza kukaa duara, wote, bila zulia. Walileta majani makavu ya migomba wakayakalia. Mwanga uliingia kutoka pande ambazo zamani hazikuwa na dirisha. Mbayuwayu walijenga kwenye kona moja ya juu, na kulipokuwa na joto nje, ndani kulikuwa na ubaridi mzuri wenye harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Zamu ya usafi ilichukua muda mrefu zaidi, lakini watoto waliipenda, kwa sababu huko mbali mtu aliweza kufagia huku anaimba na asisikike. Antonia alikuwa na furaha. Aliamka akiitamani Ijumaa, na hili halikuwahi kumpata tangu aanze kazi.

Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Mtoto wa Msafiri, Rahma, alikuwa anakaa dawati la mwisho kabisa, mgongo ukutani. Kila ukuta uliporudi nyuma, Rahma alilivuta dawati lake akarudi nao. Wenzake walipoulizwa ipi ni bajaji ya baba yake waligeuka wote kumtazama, naye akatabasamu, asiseme neno. Zamu ilipozunguka akafikiwa, aliomba apitwe. Kadiri wenzake walivyouliza ndivyo alivyozidi kuwa mbali, na sasa Antonia ilimbidi atembee kidogo ili amwone uso.

Alimwendea siku moja.

"Rahma, njoo ukae mbele."

"Hapa ni pangu, mwalimu."

"Na swali lako?"

"Bado linakuja, mwalimu."

"Basi nitakungoja," alisema Antonia. "Usiniache tu nikingoja mpaka mtihani ufike."

Asubuhi iliyofuata alimuuliza baba yake, wakiwa wanapanda kutoka Bonga, barabara ina ukungu.

"Baba Rahma, huyu mtoto nyumbani anaongea?"

"Rahma? Mwalimu, huyo anaongea mpaka redio tunaizima," alisema Msafiri. "Jana kaniuliza mimi nikibadilishwa moyo hospitali nitakuwa baba yake au baba wa mtu mwingine. Nimeshindwa kula."

Antonia alicheka mpaka akashika bomba la bajaji. Lakini alielewa pia kwamba mtoto huyo ana kitu kikubwa, anakibeba polepole, na kikimwagika ndani ya wiki hizi chache zilizobaki itakuwa bahati.

Kisha akaja Bwana Venance kutoka ofisi ya elimu. Alikuja kwa ukaguzi wa kawaida, mtu msafi, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyopigwa rangi. Hakuwa na ubaya wowote. Alisimama mlangoni mwa Darasa la Nne A akatazama mpaka mwisho wa chumba, ambako watoto wa nyuma walionekana wadogo kidogo kuliko umri wao, akaamkiwa, akaitikia. Kisha akatoa futi kamba kwenye mkoba, akamwomba kiranja ashike upande mmoja.

"Chumba kizuri," alisema alipomaliza.

"Ahsante," alisema Antonia. "Kinakua watoto wakiuliza."

"Vizuri sana. Tunahimiza ushirikishwaji." Akazungusha futi kamba kidoleni. "Kina nafasi lakini."

Wiki ile ile taarifa ikafika. Darasa la Nne B liunganishwe na A, kwa kuwa nafasi ipo. Mwalimu wa B, Mwalimu Zuwena, ahamie Sigino, kwenye shule iliyokuwa na upungufu wa walimu. Upungufu huo ulikuwa wa kweli, kwa hiyo hapakuwa na wa kumlaumu. Zuwena alipakia godoro lake na sufuria zake, akamkumbatia Antonia mbele ya ofisi, wakalia wote wawili, kisha akaenda.

Watoto wa B waliingia na madawati yao vichwani. Walipokelewa vizuri. Ndani ya Ijumaa moja nao walikuwa wanauliza, maana maswali yanaambukiza kama mafua, na ukuta ukarudi tena. Bwana Venance akapita tena. Safari hii waliletwa watoto wa shule nyingine ambayo paa lake lilichukuliwa na upepo. Wao waliletwa bila mwalimu.

Sasa kazi ikawa nyingine. Maandishi ya ubaoni hayakuonekana nyuma, hata alipoandika herufi kubwa kama mtoto wa chekechea. Sauti ilimkauka. Baba Twalha alimwazima spika yake ya dukani, nayo ilisaidia, ila ilikuwa imerekodiwa tangazo la vitu vya shilingi elfu moja na kila baada ya muda ilisema yenyewe katikati ya hesabu za sehemu, "Buku, buku, chagua kwa buku." Watoto waliizoea. Waliokaa nyuma waliruhusiwa kwenda kwenye uji mapema kidogo ili wafike pamoja na wenzao. Madaftari ya kusahihisha alipelekewa nyumbani kwa bajaji, akasahihisha mpaka kope zikamuuma, na bado asubuhi yalikuwepo ambayo hakuyafungua.

Siku moja, akipita katikati ya madawati, alimwona msichana anayelia kwa sababu kalamu yake imeibwa. Alitaka kumwita. Akagundua hajui jina lake.

"Wewe," alimwambia.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mtoto wa darasa lake hivyo. Alimpa kalamu yake mwenyewe, akaenda ofisi ya walimu, akafunga mlango, akalia kwa hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Wote aliowafikiria walikuwa na sababu nzuri.

Zuwena alimpigia simu kutoka Sigino kumjulia hali.

"Lakini Antonia, wewe nawe," alisema baada ya kusikiliza. "Si uwaambie wasiulize? Ukuta ukitulia, na wale ofisini watatulia."

"Nimewaahidi, Zuwena. Kila mmoja."

"Uliwaahidi wale tisini. Sasa hivi unao wangapi?"

Antonia hakujua.

Jumamosi aliyapalilia maharage yake akiwaza. Zuwena alikuwa amesema kweli. Kila swali lilileta watoto, na kila mtoto aliyeletwa alipunguza uwezekano wa kusikilizwa yule aliyekuwepo. Ijumaa iliyofuata aliwapa hesabu za kuzidisha badala ya maswali. Ijumaa nyingine pia. Ukuta ulitulia kabisa. Watoto walizidisha kwa utii, kwa sauti moja, na walipoulizwa kama wameelewa wakasema, "Ndiyo mwalimuuu." Alikuwa amesahau jinsi sauti ile inavyochosha. Aliondoka akiwa na kichwa kilekile cha Ijumaa ya kwanza.

Ikabaki Ijumaa moja kabla ya mtihani. Siku mbili kabla yake, saa za kurudi nyumbani, Rahma alitokea huko nyuma. Antonia alimwona tangu akiwa mbali, akaendelea kukunja ramani ya Afrika, akamaliza, akaweka chaki kwenye kopo, na Rahma alikuwa ndiyo kwanza anafika.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Rahma."

"Mwalimu, limefika."

Antonia aliweka kopo mezani. Mwalimu Theodory alikuwa amemwambia asubuhi hiyo kwamba Bwana Venance atakuja Ijumaa kuona maandalizi ya mtihani. Ilikuwa rahisi kusema muda umekwisha. Ilikuwa kweli pia, karibu. Angesema hivyo, chumba kingebaki kilivyo, na mwakani pengine angejifunza majina ya nusu yao.

Alimtazama mtoto, aliyekuwa na vumbi la safari kwenye viatu.

"Njoo nalo Ijumaa," alisema.

Ijumaa walikaa duara, kubwa mno kiasi kwamba waliokuwa upande wa pili walitambulika kwa rangi ya masweta tu. Bwana Venance alipewa kiti karibu na ubao, na Mwalimu Theodory kiti kingine. Antonia alizima spika. Rahma alisimama kutoka ukutani na kuanza kuja. Watoto walisubiri. Wengine walimpisha, wengine walimgusa mkono alipopita, na Felix alimkaribisha kwenye jani lake la mgomba, lakini yeye aliendelea mpaka katikati ya duara, mahali ambapo wote wangemsikia.

"Sisi watoto tulipokuwa tumebanana, mlisema chumba ni kidogo," alisema. Hakuwa na sauti kubwa, lakini ilifika. "Kikakua. Mkasema watoto ni wachache, mkaleta wengine. Kikakua tena, mkaleta tena. Mimi nauliza, kwa nini mnapima chumba, hampimi mwalimu?"

Ukuta wa nyuma uliondoka. Haukurudi taratibu kama siku nyingine, uliondoka kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, na kuta za pembeni zikaufuata. Paa likapanda. Hewa ya baridi iliingia, ile inayotoka ziwani alfajiri, na mbayuwayu wote wakaruka wakazunguka na kutua tena kwenye kona yao, ambayo sasa ilikuwa mbali. Watoto waliojibanza wakajikuta wana nafasi ya kulala chali kama wangetaka. Mmoja alitaka, akalala.

Antonia alikuwa analia na hakujificha. Katika mwaka mzima hakuna kilichomfurahisha hivyo. Alimtazama Rahma amesimama pale katikati, mikono ameishika nyuma kama anasoma shairi, na alihisi kwamba kama kazi yake yote ilikuwa kwa ajili ya kumleta mtoto huyu kutoka ukutani mpaka hapa, basi haikuwa kazi ya bure.

Bwana Venance alikuwa amesikiliza vizuri, kichwa ameinamisha. Swali lilimgusa. Alisema hivyo.

"Hili ni swali zuri sana," alisema. "Watoto, mpigieni mwenzenu makofi ya kilo."

Walimpigia makofi ya kilo, na yalichukua muda kumalizika kwa sababu ya umbali.

"Nitalifikisha," aliongeza.

"Na jibu?" aliuliza Rahma.

"Jibu lina utaratibu wake, mwanangu."

Rahma aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Bwana Venance alifungua mkoba, akatoa futi kamba, akampa kiranja upande mmoja. Kiranja alitembea nayo mpaka ikaisha, akageuka, akainua mkono kuuliza afanye nini. Bwana Venance alisimama kwenye ncha za viatu vyake vilivyong'aa, akatazama mpaka jicho lilipokoma.

"Haidhuru," alisema. "Tutakadiria."

Mtihani ulifanyika, watoto wakafaulu kama kawaida yao, yaani wengine sana na wengine kidogo. Mwalimu Theodory alimwita Antonia ofisini na kumwambia kwamba kipindi cha Ijumaa kiendelee, kwa kuwa sasa ofisi inakifahamu na imekisifu kwenye kikao. Kuhusu mwalimu wa pili, alisema, suala liko mezani. Antonia alishukuru kwa lile la kwanza. Kwa lile la pili aliuliza ni meza ipi, na Mwalimu Theodory akacheka, naye akacheka, kisha wakanywa chai.

Jumatatu moja yenye ukungu, Msafiri alimshusha Antonia getini, wakakuta magari mawili ya mizigo yamesimama. Watoto walikuwa wanashushwa na madawati yao, wa shule ambazo yeye hakuzijua hata kwa jina. Walipanga mstari mpaka kwa yule mama wa mihogo, ambaye aliongeza kuni. Hakuna mtu mzima aliyeshuka nao zaidi ya madereva.

Antonia alisimama akawatazama. Alihisi uchovu, na chini ya uchovu alihisi kitu kinachofanana sana na furaha, na hakuona sababu ya kukikataa. Alijifunga kanga kiunoni juu ya sketi, akamfuata mtoto wa kwanza kwenye mstari, akamuuliza jina lake. Aliitwa Ludovick. Akamfuata wa pili.

Wale waliotangulia walikuwa wamekwisha ingia. Rahma, ambaye siku hizi alikaa karibu na mlango, aliinuka akawapokea. Aliwaonyesha ndoo ya maji, mfagio, na upande wa kufuata ili wafike mahali penye nafasi. Msichana mmoja mdogo aliweka dawati lake chini akapumzika, akatazama chumba chote kile, mbele, pembeni, na mbali.

"Mwalimu yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko mmoja," alisema Rahma. "Wewe kaa tu. Ameanzia getini, anakuja."